Kilima cha Nyuma ya Nyumba

Jumamosi ile jengo la biashara lilifurika mpaka ngazi zikawa hazipandiki. Katikati ya msukumano alikuwepo mwanamke mmoja mrefu, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi likanyooka kila upande, amekumbatia tableti kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa dobi wa hoteli kubwa, chumba cha chini kabisa, mahali ambapo wageni hawafiki. Tableti ile aliipata kwenye bahati nasibu ya wafanyakazi, mbele ya mameneja waliokuwa wakiitamani, na tangu hapo hakuiacha mbali na macho yake.

Ghorofa ya pili alisimama mbele ya meza ya fundi wa kompyuta. Fundi alikuwa mwembamba, shati limekunjwa mikono, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio. Jengo zima lilimwita Bisibisi, hata dada yake mkubwa aliyekuwa akiuza makava ya simu kwenye meza ya jirani.

"Karibu. Kioo kimepasuka?"

"Hakijapasuka kitu. Nataka uniwekee gemu."

"La simu?"

"La kompyuta. Lile la shamba, lenye bonde na mto. Mgeni mmoja alikuwa analicheza mimi nakusanya mashuka yake, nikasahau hata nilichofuata chumbani."

Bisibisi aliipindua tableti, akasoma maandishi madogo ya mgongoni, akacheka. Kosa hilo la kucheka mbele ya mteja wanawake wengine wasingelisamehe.

"Dada yangu, gemu lile ni zito. Kompyuta zinazolicheza zina kadi maalumu ya kuchora picha, kazi yake ni hiyo tu. Hii yako haina. Humu ndani yuko mfanyakazi mmoja. Hesabu anapiga yeye, picha anachora yeye. Utamuua."

"Mimi nafua mwenyewe, nanyoosha mwenyewe, nakunja mwenyewe," alisema dobi. "Na mashuka ya vyumba themanini yanatoka kila siku. Weka."

"Itachemka."

"Mimi na joto tumezoeana. Weka."

Dada mtu aliacha kupanga makava, akageuka amtazame vizuri mwanamke anayemwamrisha mdogo wake. Bisibisi alikuwa ameshavuta kiti.

Kuliweka kulichukua saa nzima, na mara ya kwanza gemu lilipofunguka lilikwenda kwa kukwama, hatua moja halafu kimya. Basi fundi akaingia kwenye mipangilio, akaanza kulipunguzia mzigo, dobi ameinama begani kwake ananukia sabuni na mvuke. Vivuli, akazima. Mvua, akazima. Mng'aro wa maji, akazima. Akafika kwenye nyasi na maua, napo akazima.

"Wewe! Unaninyang'anya vyote?"

"Natoa mapambo tu. Nyumba itabaki, mifugo itabaki, ardhi itabaki."

"Shamba lisilo na ua hata moja?"

"Wewe lima," alisema Bisibisi bila kuinua macho. "Maua nitakuletea mimi."

"Haya, ameshaanza," alisema dada yake kutoka meza ya jirani, na wote watatu wakacheka.

Gemu likakubali. Bonde lilikuwa la kahawia tupu na mto umefifia, lakini mtu alikimbia bila kukwama, na dobi alipiga makofi watu wa kwenye ngazi wakageuka.

Alirudi wiki iliyofuata akidai chaji haikai. Akarudi tena akidai kioo kina vumbi. Mara ya nne hakuwa na sababu, na Bisibisi alimpa ua la kitambaa kutoka mezani kwa dada yake.

"Si nilikuahidi?"

"Hili la plastiki?"

"Ni la kitambaa. Wewe ndiye dobi, ulitakiwa kujua."

Alilipeleka nyumbani akalitia kwenye glasi ya maji, mama yake akamuuliza kama ana homa. Hiyo ndiyo homa yenyewe, mama.

Wakafungua shamba moja la watu wawili, yeye kwenye tableti yake inayotokota, Bisibisi kwenye mashine kubwa ya dukani. Shamba lenyewe lilitunzwa kwenye mtandao, na siku zake zilisogea pale tu mmoja wao alipokuwa ndani. Wakiondoka wote, kuku walibaki wamesimama na mguu mmoja hewani. Kila siku saa kumi alasiri, zamu ya dobi ikiwa imekwisha na wateja wa Bisibisi wamepungua, simu iliita.

"Dobi wangu, umeingia?"

"Nimeingia, fundi wangu. Ng'ombe wako amesimama kwenye mahindi yangu."

"Amekuja kukuposa."

"Mwambie atume wazee. Mimi sichukuliwi na mtu aliyekuja na mkia."

Ndivyo walivyokuwa. Kwa utani, Bisibisi alikuwa bingwa. Yakija mambo ya kweli ulimi wake ulikuwa mzito, na dobi alilijua hilo, na lilimuuma. Kulikuwa na neno moja tu alilokuwa analingoja kwake. Siku moja, wakinywa soda kwenye ngazi za jengo, alimwambia wazi: "Mimi sitamwomba mwanaume anioe. Hilo ulijue mapema." Bisibisi aliipeleka bisibisi kutoka sikio la kulia hadi la kushoto, akasema, "Nimelijua." Lakini dada yake alikuwa ameshaanza kumwita dobi wifi, na dobi hakumkataza.

Kisha hoteli ikafungua tawi mji mwingine, mwendo wa siku nzima, na dobi akateuliwa kwenda kusimamia chumba cha kufulia kwa mwaka mmoja. Ilikuwa heshima, huwezi kuikataa. Siku ya kuagana alimtazama Bisibisi mdomoni, akingoja. Bisibisi alimpa feni ndogo ya mezani aliyoitengeneza mwenyewe, ya kupoza tableti. "Usiiache ichemke sana," alisema. "Ikizidi joto inajizima yenyewe." Dobi aliondoka na feni mapajani, na neno lake akaliacha huko lilikokuwa.

Kule ugenini saa kumi ndiyo ilikuwa saa yake. Aliilaza tableti juu ya meza ya marumaru ya kukunjia mashuka, kwa sababu jiwe lile lilikuwa baridi, akaiwashia feni, akatia simu sikioni. Mwezi wa tatu Bisibisi alibadilika kidogo. Akawa anaingia shambani peke yake asubuhi, na akaweka sharti.

"Usipande kile kilima cha nyuma ya nyumba mpaka nikuambie."

"Kuna nini huko?"

"Wewe usipande tu."

"Umenifichia mwanamke kilimani?"

"Nimekufichia jambo. Ukipanda, tumekosana."

Hakupanda. Zikapita siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Bisibisi alipiga simu mapema, sauti inamkauka.

"Leo uvae vizuri."

"Kwenye gemu?"

"Huko huko uliko. Uvae lile la kijani."

Moyo wake ulimdunda mpaka akaunguza foronya. Saa kumi alikuwa amekaa mbele ya meza ya marumaru, gauni la kijani limenyooka, wanja umekaa, peke yake chumbani na mashine zinazozunguka. Bisibisi alikuwa ameweka simu kwenye spika. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wanaonong'ona na kuzuia vicheko.

"Panda," alisema.

Alipanda. Alipofika juu Bisibisi alipiga kelele: "Simama hapohapo! Usikanyage!"

"Nisikanyage nini? Udongo?"

Kule watu wakacheka, Bisibisi naye akacheka kidogo, kama mtu asiye na pumzi. Halafu akauliza, polepole, "Haya. Unaona nini?"

Dobi alitazama. Alizungusha kamera ya gemu kushoto, akazungusha kulia. Kilima kilikuwa uchi, udongo wa kahawia kutoka juu hadi chini, na mtu mdogo wa Bisibisi amesimama katikati yake.

"Naona udongo."

"Udongo tu?"

"Udongo tu, mpenzi. Tena mkavu."

"Tazama vizuri, basi," sauti ya Bisibisi ilishuka. "Usinitanie leo."

Mtu mmoja nyuma yake akaangua kicheko. Hapo dobi akajiona alivyo: mwanamke mzima, wanja machoni, gauni la kutokea, amekaa kati ya vikapu vya mashuka machafu ili genge la watu wa dukani limcheke. Uso ukamwaka.

"Kama hiki ndicho mlichoniitia, mimi naona udongo mtupu. Si kitu cha kumvalisha mtu gauni. Mnichekee vizuri."

Alikuwa bado anataka kusema. Lakini kwa haraka ya kujipamba alisahau kuwasha feni, na tableti, iliyokuwa ya moto kama pasi, ikajizima. Alipopiga simu, haikupokelewa. Ilipopoa akaingia tena shambani, na hakukuta mtu.

Kesho yake Bisibisi alipokea.

"Jana uliondoka," alisema.

"Tableti ilijizima. Si unaijua?"

"Naijua. Ilijua pa kuzimikia."

"Wewe unanifokea mimi? Mimi niliyevaa nikachekwa?"

"Nilikuuliza mbele ya watu, ukanijibu mbele ya watu. Basi, yameisha."

"Yaani umenuna kwa sababu sikuusifia udongo wako?"

"Kwako wewe ni udongo," alisema Bisibisi. "Sawa. Nimekuelewa."

Angeuliza! Angesema tu, hebu niambie kilikuwepo nini pale. Swali dogo la kitoto, na lisingemgharimu kitu. Lakini alikuwa na hasira ya kuchekwa, na mwenzake alikuwa na aibu ya kukataliwa, na kila mmoja aliona ni zamu ya mwingine kusema. Simu za kila siku zikawa za kila wiki. Za kila wiki zikawa "Salama?" "Salama." Ikafika siku dobi akaamka akakuta hata hiyo salama haipo. Aliifunga tableti kwenye taulo, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na kwa miezi yote iliyobaki alinyoosha mashuka ya watu waliolala wawili wawili.

Alirudi mwaka ulipokwisha. Siku ya tatu baada ya kurudi, akipangua sanduku chumbani kwake, aliifikia ile taulo. Alijiambia anataka picha zake tu. Akaiwasha, akaiunganisha na mtandao, na gemu likaanza kujipakua upya: toleo jipya, maana lilikuwa limekaa muda mrefu bila kufunguliwa. Lilipomaliza, mipangilio yote aliyoiweka Bisibisi ilikuwa imefutika. Kila kitu kilikuwa kimewashwa.

Shamba likafunguka kwa shida. Mfanyakazi yule mmoja alikuwa amebebeshwa tena mizigo yote: hatua moja, halafu picha inaganda, halafu nyingine. Lakini dobi alikuwa ameshika mdomo. Nyumba ilikuwa na kivuli. Mto ulimetameta. Kila mahali palikuwa na nyasi. Na nyuma ya nyumba, juu ya kilima, aliona wekundu.

Alimpandisha mtu wake hatua kwa hatua, kila hatua anaingoja. Tableti ilianza kuchoma mapaja, hakuijali. Maua yakaja safu kwa safu, mekundu, yamebanana, yamepandwa moja moja na mtu aliyeyamwagilia asubuhi kumi na moja. Na kwa kuwa hakuna aliyeingia shambani tangu siku ile, hakuna ua hata moja lililonyauka. Alipofika pale aliposimama mara ile, picha ikaganda mbele yake, na akasoma.

TUOANE?

Alilia mpaka mama yake akaja mlangoni. "Kuna msiba?" aliuliza mama. Dobi aliinuka, akampita. Alinawa uso, akavaa gauni la kijani bila kulipiga pasi, akaikumbatia tableti ikiwa bado ya moto, akatoka.

Jengo lilikuwa lilelile, na ngazi zilelile. Njiani alikuwa ameshapanga maneno yote. Atasema ndiyo kabla hata ya salamu. Dada wa fundi ndiye aliyemwona kwanza. Aliinuka taratibu, kava la simu mkononi.

"Karibu, dada," alisema.

Dada. Dobi alilisikia neno hilo likitua. Alitaka kuuliza, lakini Bisibisi alikuwa ameshainua kichwa kutoka kwenye mashine aliyoifungua. Amenenepa kidogo. Bisibisi ipo sikioni. Na mkono wa kushoto, kidoleni, una pete.

"Tableti imekuwa nzito," alisema. Ndicho kitu pekee kilichopatikana.

Bisibisi aliipokea kwa mikono miwili. Simu yake iliita mezani, akapokea, akasema kwa upole, "Ndiyo, mke wangu. Nimezipata zile dawa za kichefuchefu. Nikifunga tu nakuja," akaiweka. Ndipo akafungua gemu. Lilifungukia palepale dobi alipoliacha, juu ya kilima.

Alitazama maua yale. Kisha akaingia kwenye mipangilio, kidole kinashuka chini ya orodha alivyozoea, vivuli, mvua, maji, na kilipofika kwenye nyasi na maua kikasimama. Fundi hahitaji kuelezwa mara mbili. Uso ulimpauka.

"Siku ile," alisema. "Kwenye tableti yako yalikuwa yamezimwa."

"Yalikuwa yamezimwa."

"Niliyazima mimi."

"Ili gemu liende," alisema dobi. "Na lilikwenda vizuri."

"Nikakuita uje uyaone." Aliitoa bisibisi sikioni, akaishika tu, hajui aiweke wapi. "Nilivaa shati jeupe siku ile. Dada alikuwa anapiga video. Jengo zima lilikuwa hapa nyuma yangu, nikasema, afadhali kukataliwa kwa siri kuliko vile. Na wewe huko ulikuwa huoni kitu."

"Niliona udongo, Bisibisi. Sikukudanganya."

Dada mtu aliketi, akafunika uso kwa ushungi. Watu walipita nyuma yao na mifuko yao.

"Niambie jambo moja," alisema Bisibisi, sauti imeshuka kabisa. "Ungeyaona, ungenijibu nini?"

Dobi alimtazama. Alimtazama na pete yake, na simu mezani, na karatasi ya duka la dawa iliyokunjwa chini ya simu. Mtu huyu ana usingizi wa kulala leo, alifikiri. Na ana mtu wa kulala karibu naye. Neno moja langu litamkosesha vyote viwili.

"Ningekataa," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Nilikuwa nimechoka na mambo ya umbali. Nilikuwa natafuta pa kukuambia. Kwa hiyo maua yako hayakukupotezea kitu, usijitese bure."

Hakuwahi kuwa mwongo mzuri. Mama yake humkamata kila mara. Lakini Bisibisi alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, na dobi akaona kwamba amemwamini. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko pete.

"Basi nikuzimie tena, liende vizuri," alisema Bisibisi.

"Hapana. Nitazima mwenyewe nyumbani. Nimeshapajua."

Aliichukua tableti, akaikumbatia, akawaaga. Alipokuwa anageuka, dada mtu alisema kwa mazoea, machozi yanamtoka, "Uende salama, wifi." Akajiziba mdomo. Bisibisi akainamia mashine yake.

Nyumbani alijifungia chumbani. Hakuwa na meza ya marumaru wala feni, aliilaza tableti sakafuni, akalala kifudifudi mbele yake. Kwenye ghala la shamba Bisibisi alikuwa ameacha kiroba cha mbegu zilizobaki. Alikichukua, akapanda kilimani hatua kwa hatua, picha ikiganda na kuganduka, akaanza kuchimba chini ya lile swali. Tableti ilijizima mara tatu kwa joto, na mara tatu aliipepea kwa taulo, akaendelea. Siku za shamba zilikuwa zinasogea tena, kwa hiyo alimwagilia maua ya Bisibisi pamoja na yake. Kazi ilimchukua alasiri tano.

Siku ya tano yakachanua: NDIYO.

Aliyatazama mpaka mgongo wa tableti ukawa haushikiki. Kisha akafungua mipangilio, akashuka kwenye orodha, vivuli, mvua, maji, akafika kwenye nyasi na maua, akazima. Kilima kikarudi kuwa udongo. Mtu wake alishuka akikimbia bila kukwama hata kidogo, akapita nyumbani, akaenda kuwafungulia kuku.